Samaki wanatweta na hewa ipo

Nikikuta samaki wamepanda juu wanatweta ilhali pampu inafanya kazi na mapovu yanatoka vizuri, namshika mmoja, namfunua shavu na kutazama matamvua. Ya samaki mzima huwa mekundu ya kung'aa. Yakiwa ya kahawia, sihangaiki tena na pampu. Napima nitriti.

Nitriti hutengenezwa na bakteria wanaotumia amonia, ile inayotoka kwa samaki wenyewe na kwenye chakula kilichooza. Bakteria wengine huigeuza kuwa nitrati, ambayo haina ukali huo. Kwenye tangi jipya hawa wa pili huchelewa kuongezeka, na hapo ndipo nitriti hupanda.

Namna inavyoingia mwilini ndiyo inayoniumiza roho. Samaki wa maji baridi, yaani yasiyo ya bahari, hupoteza chumvi saa zote, kwa hiyo matamvua yake hufanya kazi ya kuvuta kloraidi, sehemu mojawapo ya chumvi, kutoka majini. Nitriti hupita mlango huohuo, na kwenye damu inaweza kurundikana zaidi ya mara 10 ya kiwango cha majini. Huko huibadilisha chuma iliyo ndani ya hemoglobini, kile kibeba oksijeni cha damu, ikawa methemoglobini isiyobeba oksijeni. Potasiamu nayo huvuja kutoka kwenye chembe nyekundu na misuli, na moyo ukayumba. Mwili unabaki kutafuta nguvu bila oksijeni, asidi ya laktiki inapanda, samaki anasusa chakula. Samaki aina ya trauti huumia mapema sana.

Ndiyo maana nang'ang'ania chumvi, chumvi hii ya kawaida. Kloraidi ikiwa nyingi majini, inaiwahi nitriti mlangoni. Wafugaji wa kambare hulenga kloraidi mara 10 ya nitriti: lita 1000 zenye nitriti miligramu 2 kwa lita zinataka kloraidi gramu 20, yaani chumvi kama gramu 33. Ni kidogo mno kuacha samaki wafe kwa kukosa hiyo! Ila chumvi haiondoi nitriti, kwa hiyo sehemu ya maji nabadilisha vilevile.

Maji yakitengemaa, samaki ana kimeng'enya chake cha kuirudisha hemoglobini katika hali yake, lakini huchukua muda, mara nyingi siku nzima au zaidi. Muda huo siwashiki, siwahamishi wala siwalishi, maana kila purukushani inadai oksijeni ambayo damu yao bado haiwezi kuibeba.