Siku moja maishani mwangu: klampu tisa na mikono miwili

Saa 12:30 asubuhi. Nafungua banda mapema kwa sababu Oktoba hapa Tabora haina huruma: ikishafika saa 5 mabati yanawaka, na jasho la vidole peke yake linatosha kuitelezesha nati ndogo mpaka chini. Ndani ya banda imesimama ndege ya viti viwili yenye injini ya Rotax 912, ambayo mwenyewe, mzee mstaafu wa reli, anaiunganisha nyumbani kwa mwaka wa nne sasa. Mimi nilianza kumsaidia alipofika kwenye injini. Kazi ya leo ni kufunga klampu tisa zenye raba, zitakazoshika hozi za mafuta na nyaya kwenye fremu inayobeba injini.

Kwa asiyezifahamu, klampu ya aina hii, ambayo waundaji wa ndege huiita Adel, ni ukanda mwembamba wa chuma au aluminiamu uliokunjwa duara, ukavikwa raba ndani, na ncha zake mbili zikatokeza kama masikio yenye tundu la bolti. Raba hiyo ndiyo inayozuia hozi isisuguane na chuma wakati injini inatetemeka, maana hozi ya petroli ikisuguliwa kwa saa nyingi hutoboka, tena juu ya injini ya moto. Raba hiyo hiyo ndiyo inayotutesa. Ni nene, kwa hiyo masikio hayakutani mpaka yabanwe kwa nguvu, na yakiwa yamebanwa hivyo bado unatakiwa kupitisha bolti, washa na nati mahali ambapo huoni. Mtu ana mikono miwili. Kazi hii inataka mitatu.

Saa 1:15. Mzee anaingia, namwamkia shikamoo, naye baada ya marahaba anauliza kama nimepima. Nimepima. Namba ya mwisho ya klampu huonyesha kipenyo kwa sehemu za 16 za inchi, kwa hiyo bomba la fremu lenye inchi 3/4 linataka namba 12, na hozi ya inchi 1/2 inataka namba 8. Hapa ndipo wengi hujidanganya: klampu ikikataa kufunga, wanachukua kubwa zaidi kwa namba moja, inafunga vizuri sana, na baada ya muda hozi inatembea ndani yake. Ndogo kupita kiasi nayo huiminya hozi. Natenga pia zile za raba ya silikoni, ambazo huvumilia joto lakini hazifai kuguswa na petroli. Hizo zitakwenda karibu na ekzosi, kwenye nyaya.

Saa 2 hadi saa 4. Klampu nne za mbele, zilizo wazi, zinafungwa kwa plaizi na mkono bila shida yoyote ya kusimulia.

Saa 4:10. Nafika kwenye ya tano, iliyo nyuma ya injini, chini, karibu na bamba linalokinga moto, mahali panapopita vidole viwili tu. Hapa klampu ni mbili zilizopeana mgongo, moja imekumbatia fremu na nyingine hozi, na bolti moja ya AN3, yaani bolti ya ndege yenye kipenyo cha inchi 3/16, inapita kwenye masikio yote manne. Nakiri kwamba nilianza kwa nguvu, kama kijana asiye na fundi wa kumwelekeza. Nilibana masikio kwa plaizi ya mdomo mrefu, nikasukuma bolti, plaizi ikateleza, klampu ikafunguka kwa mlio na kunichana kidole gumba. Nikarudia, na matokeo yakawa yale yale.

Nikakaa kwenye stuli nikafikiri. Kubana ni kazi moja na kupitisha bolti ni kazi nyingine, na kosa langu lilikuwa kutaka kuzifanya zote kwa wakati mmoja. Nikachukua waya wa chuma kisichoshika kutu, ule wa kufungia nati, wa unene wa milimita 0.8. Nikapaka poda ya mtoto kidogo kwenye raba ili iteleze, nikavalisha klampu ya kwanza kwenye fremu, nikaibana peke yake kwa plaizi, kisha nikazungusha waya mara mbili kwenye shingo ya masikio, baina ya tundu na bomba, nikausokota mpaka masikio yakagusana. Nilipoachia plaizi, klampu ilitulia. Ya pili nayo hivyo hivyo. Ncha za waya nilizielekeza upande ambao mkasi ungeweza kuzifikia baadaye, jambo dogo ambalo mara ya kwanza, miezi iliyopita, nililisahau na likanigharimu adhuhuri nzima.

Saa 6:20. Masikio yamefungwa ila matundu manne hayajalingana. Washa ya aluminiamu inaniponyoka na kutumbukia nyuma ya betri. Kijiti cha sumaku hakina msaada kwa aluminiamu, kwa hiyo naipata kwa mpini wa ufagio uliopakwa grisi nchani, baada ya dakika 40. Kisha chakula kwa mama lishe. Wali na maharage, na kivuli cha mwembe.

Saa 8. Kwa matundu natumia bolti ya zamani ya kipenyo kile kile, niliyoikata kichwa na kuichonga ncha kwa tupa mpaka ikawa kama penseli. Naipenyeza, inavuta matundu yote yakae mstari mmoja, halafu bolti halisi inaifuata nyuma na kuisukuma itoke upande wa pili bila kuacha nafasi katikati. Nati naibandika ndani ya spana ya ringi kwa tone la grisi. Ni nati ya chuma tupu, kwa kuwa ile yenye nailoni haitakiwi kuvuka nyuzi 121 za joto, na huku nyuma ya injini sitaki kubahatisha. Ikishashika hesi tatu, nakata waya na kuuchomoa, ndipo nakaza. Klampu tatu zilizobaki, baada ya hapo, zinachukua nusu saa kila moja.

Saa 10:15. Spana ya toki, ile inayopima nguvu ya kukaza: paundi-inchi 20 hadi 25 kwa bolti hii, ukiongeza ule uzito ambao nati yenyewe huonyesha inapozunguka kabla ya kugusa. Mzee anapitisha kioo kidogo cha mkononi na tochi, anatikisa kila hozi, kisha anasimama kwenye ya saba.

“Fundi, njoo uone raba yako.”

Ni kweli. Ukingo wa raba umenaswa katikati ya masikio, kwa hiyo bolti imekaza raba badala ya chuma, na raba ikilegea mkazo wote utapotea. Spana haiwezi kukuonyesha hilo, kioo kinaweza. Nafungua, narudisha raba ndani kwa kijiti cha mwanzi, nafunga waya upya.

Saa 11:30 jioni. Nahesabu vipande vya waya nilivyokata, kwa kuwa kipande kilichobaki ndani ya injini ni balaa. Nilifunga mara sita. Kwenye kikombe kuna vitano. Tunamulika injini nzima, mzee upande wake na mimi upande wangu, mpaka giza linaingia. Cha sita tunakikuta kimechoma soli ya kandambili yangu.