Kutoka Kaburi la Ummu Haram hadi Mkuyu wa Famagusta

Nilifika Larnaca, kusini mwa kisiwa cha Kupro, mwezi wa Februari, wakati ziwa la chumvi lililo kando ya mji limejaa maji na heroe wamesimama humo kwa makundi, na ng'ambo ya maji yale nikaona kuba na mnara mmoja vikichungulia kati ya mitende. Pale ndipo Hala Sultan Tekke, na pale ndipo alipozikwa mwanamke niliyemjua tangu chuoni.

Mwalimu wetu alitusomea kwamba Mtume (s.a.w.) alilala nyumbani kwa Ummu Haram binti Milhan, akaamka akicheka, akasema ameonyeshwa watu wa umma wake wakisafiri baharini mfano wa wafalme juu ya viti vyao vya enzi; naye akaomba aombewe awe miongoni mwao. Kwetu Tanga, ambako wanawake huwaombea waume zao warudi salama kutoka baharini, ombi lile lilinishangaza sana. Karibu mwaka wa 649 aliandamana na mumewe, Ubada bin Samit, katika jeshi la Muawiya, gavana wa Sham, lililovuka kuja Kupro, akaangushwa na mnyama aliyempanda, akafariki.

Msikiti uliopo sasa ni wa Waosmani, wa mwanzoni mwa karne ya 19, na ni mdogo kuliko nilivyodhani. Kaburi liko chumba cha nyuma, chini ya vitambaa vya kijani, na juu yake pana mawe matatu makubwa, mawili yamesimama na la tatu limelazwa juu yao. Zamani wenyeji walisimulia kwamba lile la juu lilielea hewani. Mimi sikuhitaji muujiza huo; ombi la mwenye kaburi lilinitosha.

Nicosia, mji mkuu uliogawanyika kati ya upande wa Wagiriki kusini na wa Waturuki kaskazini, sikukaa. Nilivuka kwa miguu kwenye kituo cha Mtaa wa Ledra, kilichofunguliwa mwaka 2008, nikitoa pasipoti mara mbili ndani ya hatua chache, nikaitazama kwa nje minara miwili ya msikiti wa Selimiye, uliokuwa kanisa kuu la Mtakatifu Sofia, kisha nikapanda basi la Famagusta.

Huko msikiti unaitwa kwa jina la Lala Mustafa Pasha, amiri wa jeshi la Waosmani lililouteka mji mwezi wa Agosti 1571 baada ya kuuzingira kwa miezi mingi. Kabla ya hapo lilikuwa kanisa la Mtakatifu Nikolasi, ambamo wafalme wa Kupro walivishwa taji la Yerusalemu, mji ambao hawakuwa nao tena. Ndani kuta zimepakwa chokaa, sanamu hakuna, na nguzo zinapanda juu hata shingo inauma. Jengo lenyewe linatazama mashariki, bali Makka iko upande wa kusini; kwa hiyo waumini huiacha pembeni ilikokuwa altare na kuuelekea ukuta wa ubavuni, penye mihrabu. Niliposimama katika swafu nilihisi kama abiria aliyekaa upande katika chombo kinachokwenda mbele.

Nje, mbele ya mlango, umesimama mti mnene unaosemekana kupandwa karibu mwaka 1299, jengo lilipokuwa bado linainuliwa. Nilipoukaribia niliutambua: ni mkuyu, mti uleule wa kando ya mito yetu. Nikamtajia jina lake mzee aliyekuwa ameketi kivulini, naye akalirudia polepole, kisha akaugonga mti kwa fimbo na kunifundisha la kwao: cümbez.