Piko ya Idi

Idi ile ya mwisho nikiwa bado kwa mama, nyumbani kwetu Langoni, Lamu, nilichorwa piko, ile rangi nyeusi ya kujipambia, mikono yote miwili, maua na majani kutoka vidoleni hadi karibu na kiwiko. Ilikuwa nzuri, nyeusi tititi. Haikupita siku nyingi ngozi ikaanza kuniwasha, kisha ikainuka. Malengelenge yalifuata mchoro ule ule, ua kwa ua, jani kwa jani, hata ukifumba macho ungeweza kuupapasa ukajua umechorwa nini. Na mimi nilikuwa nimeshaposwa, arusi imekaribia.

Kila aliyeingia alikuja na dawa yake. Shangazi alisema ni jicho, nisomewe. Jirani alileta ndimu na chumvi. Binamu yangu wa Mombasa alitoa mkobani kikopo cha krimu kisicho na maandishi popote, akasema hiyo huondoa kila doa. Walikuja kwa mapenzi, na mpaka leo nawashukuru, lakini ndimu juu ya ngozi iliyochubuka ni moto mtupu, na krimu isiyo na jina haifai kupakwa mwilini mwa mtu.

Mama akamwita somo wangu, mwanamke wa makamo aliyekuwa amewasinga maarusi wengi mtaani.

“Ndoo nikuangalie, mwanangu.”

Alinitoa kiwandani, uani mwa nyumba, kwenye mwanga, akaugeuza mkono wangu taratibu. Hakuuliza nani ana kijicho nami. Aliuliza aliyenichora alitumia nini. Mtoto akatumwa, akarudi na kipaketi cha rangi ya nywele. Somo macho yake hayakuona herufi ndogo, basi nikamsomea: ijaribiwe kwanza mahali padogo, ingojwe saa 48, isitiwe kwenye nyusi wala kope.

“Hii ni dawa ya mvi,” akasema. “Si hina hii. Usipake kitu tena. Enda kwa daktari, na kipaketi uende nacho.”

Sijapata ushauri bora kuliko huo. Daktari alipokiona kipaketi hakuhitaji kunihoji sana. Aliweka kidole chini ya neno refu, parafenilenidiamini, akanieleza kwamba hiyo ndiyo inayotia weusi. Hina ni jani: hutoa rangi ya machungwa, ikalala, ikaiva ikawa kahawia au damu ya mzee. Haiwezi kuwa nyeusi kama wino. Rangi ya nywele imetengenezwa ikae kichwani kwa muda mfupi kisha isuuzwe, na hata hivyo wako inaowadhuru. Sisi tunaiacha ikauke juu ya ngozi. Alinipa mafuta ya kutuliza uvimbe, nipake kidogo tu kwa siku alizoniandikia, na akanikataza kuyatumbua malengelenge.

Nikamuuliza na nywele, maana bibi arusi wa kwetu hutaka nywele zing’are kwa weusi. Hapo uso wake ulibadilika. Mwili ukishaikataa dawa hiyo hausahau, alisema. Ukiitia kichwani unaweza kuvimba uso na macho mpaka yasifunguke, na mara ya pili huja upesi zaidi kuliko ya kwanza. Nisiiguse tena maishani, na kila paketi ya rangi nyeusi niisome kabla ya kuinunua.

Malengelenge yalikauka, yakaacha madoa. Binamu akarudi na kikopo chake; somo akamrudishia mkononi. Alisubiri ngozi ifunge vizuri ndipo akasugua liwa, ule mti wa manukato, kwenye msio, jiwe lake la kusugulia, akaipaka kwanza sehemu ndogo ya mkono wangu, akangoja hadi siku ya pili. Hina aliijaribu vivyo hivyo. Nywele nilipakwa mafuta ya nazi, nikavishwa asumini. Niliolewa na hina tupu, nyekundu, na madoa yakionekana kwa mbali chini yake.

Mama alikuwa akifunika mvi kwa unga wa namna ile ile miaka mingi bila kudhurika. Tangu hapo, kila akifungua paketi hujipaka tone nyuma ya sikio, akangoja siku mbili. Mimi mvi zimeanza kunitoka sasa. Natia hina, na zinatoka nyekundu.