Amiri Aliyejibu "La"

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Neno la wiki hii ni Yoshua 5:13-15.

Katika nyumba ya wazee ninakofanya kazi, ukumbi wa chakula una televisheni moja na rimoti moja. Kuna mzee aliyewahi kuwa mwanajeshi, na bibi aliyefundisha shule ya msingi. Kila mmoja ana kituo chake cha habari na hawezi kukivumilia cha mwenzake. Asubuhi moja, mwaka wa uchaguzi, nilikuta bibi ameificha rimoti chini ya kitambaa cha meza na kuikandamiza kwa kiganja, na mzee amegeuza uso ukutani. Nikawawekea sahani. Wote wawili wakafumba macho, wakaomba kimyakimya, wakasema "Amina" karibu kwa pamoja. Walipofumbua macho wakaendelea kununiana.

Picha ile haijanitoka, maana Marekani, nchi hii ninayoishi, imekuwa hivyo kwa muda mrefu. Tarehe 4 Machi 1865 Rais Abraham Lincoln alisimama Washington kuapishwa mara ya pili. Vita vya wenyewe kwa wenyewe kati ya Kaskazini na Kusini, vilivyotokana na utumwa, vilikuwa vinakaribia mwisho, na waliokufa walikuwa zaidi ya laki sita. Akasema kwamba pande zote mbili zasoma Biblia moja na kumwomba Mungu mmoja, na kila upande wamwomba msaada wake dhidi ya mwingine. Akaongeza kuwa maombi ya wote wawili hayangeweza kujibiwa. Wiki sita baadaye, jioni ya Ijumaa Kuu, akapigwa risasi.

Wala nchi haikuwa ya kwanza kupasuka. Makanisa yalitangulia. Wamethodisti waligawanyika mwaka 1844, wakibishana kuhusu askofu aliyekuwa na watumwa. Mwaka uliofuata Wabaptisti wa Kusini wakajitenga, kwa sababu walitaka mwenye watumwa aruhusiwe kutumwa kuwa mmisionari. Azimio la Wabaptisti hao la kuomba radhi kwa kuutetea utumwa lilipitishwa mwaka 1995. Hesabu wewe mwenyewe, ndugu: miaka 150.

Sasa mtazame Yoshua, karibu na Yeriko. Anainua macho, anamwona mtu amesimama mbele yake na upanga wazi mkononi. Anauliza swali ambalo askari yeyote angeuliza: "Je! Wewe u upande wetu, au upande wa adui zetu?" Jibu linaanza na neno moja: "La." Kumbuka Yoshua alikuwa ametumwa na Mungu mwenyewe. Kama yuko mtu aliyestahili kuambiwa "niko upande wako", ni yeye. Lakini amiri wa jeshi la Bwana hakuja kujiandikisha katika kikosi cha Yoshua. Na Yoshua hakubishana. Alianguka kifudifudi, akauliza bwana wake anamwambia nini, akavua viatu.

Tafadhali msinielewe vibaya. "La" ile haikumaanisha kwamba haki na dhuluma ni mamoja. Lincoln naye, katika hotuba ileile, alisema ni ajabu mtu kuthubutu kumwomba Mungu mwenye haki amsaidie kujipatia mkate kwa jasho la nyuso za watu wengine. Utumwa ulikuwa dhambi, na waliokaa kimya makanisani walikuwa na hatia yao. Mkristo apige kura, aseme, atetee. Ninachokiogopa ni pale ninapoacha kumuuliza Bwana anasema nini, nikaanza kumwambia aseme nini.

Kwetu hapa, wengi katika ushirika wetu wa Waswahili tumeshakula kiapo cha uraia. Jumanne ile ya Novemba, ukumbi wa kanisa tunalopanga uligeuzwa kituo cha kupigia kura. Meza zilezile tunazopakulia pilau baada ya ibada, zikiwa bado na alama za masufuria ya moto, ndizo zilizokaliwa na makarani wenye daftari la wapiga kura. Ndugu mmoja alikuja akiwa na Zaburi 139 moyoni, akiwafikiria watoto ambao hawajazaliwa. Mwingine alikuja na Walawi 19:34, neno la kumpenda mgeni, akimfikiria mpwa wake asiye na makaratasi ya kuishi nchini, ambaye siku hizi anaogopa hata kwenda hospitali. Mistari yote miwili imo katika Biblia moja. Wakapanga foleni moja, na tangu siku ile hawasalimiani.

Mimi nami nina la kutubu. Yuko ndugu aliyesema neno kuhusu wahamiaji tulipokuwa tunakunywa chai, likanichoma. Badala ya kumwendea kama Mathayo 18 inavyoagiza, nilimkwepa Jumapili tatu, nikitokea mlango wa jikoni ibada ikiisha. Kisha nikapekua daftari langu la maombi. Jina la rais lilikuwamo miaka minne, likatoweka miaka minne iliyofuata. Paulo alimwandikia Timotheo kwamba dua na sala zifanyike "kwa ajili ya wafalme na wote wenye mamlaka", na Kaisari wa siku zile hakuwa rafiki wa kanisa, wala hakuna Mkristo aliyempigia kura. Mimi nilikuwa namwombea mgombea wangu tu.

Yesu aliwaita Mathayo, mtoza ushuru aliyewatumikia Warumi, na Simoni aitwaye Zelote, jina la watu waliotaka Warumi waondoke. Injili hazituambii waliongea nini njiani. Zinatuambia tu kwamba walikula naye mkate uleule, usiku uleule.

Nilimpigia yule ndugu Alhamisi, nikiwa bado na sare za kazi, ndani ya gari. Hatukukubaliana kuhusu mipaka. Nilimwambia neno lake liliniumiza, akanyamaza kitambo, akaniambia kukwepwa kulimuumiza pia, na kwamba aliniona nikipita jikoni. Nikamwomba msamaha.

Maombi ya Jumatano ni saa moja jioni kama kawaida. Nimemwomba ndugu huyo atuongoze kumwombea rais, gavana, na ndugu zetu wasio na makaratasi. Amekubali.