Nilivyoielewa bima ya maisha kwa karatasi ya kukatia nguo

Mtu akikuambia bima ya maisha ni akiba kama ya benki, mkatalie. Shemeji yangu aliniambia hivyo, nami nikaingia. Nililipa elfu 50 na kitu kila mwezi kutoka kwenye cherehani yangu hapa Tanga, miezi 14 bila kuruka. Kisha shule niliyoishonea sare ikahamia kwa fundi mwingine, nikashindwa. Nilipokwenda ofisini kuchukua changu, kijana akageuza kompyuta nione: "Mama, bima yako imekufa. Haijafika miaka 3." Kumbe ile ilikuwa bima ya akiba, na mkataba wangu ulisema ukiiacha mapema huambulii kitu. Ukurasa huo hakuna aliyenifunulia.

Mara ya pili sikusikiliza mtu. Nilitwaa karatasi ya kukatia nguo, nikapiga safu tatu kwa chaki: NIKIFA, NIKIISHI, NIKIKWAMA. Kila wakala nikamtaka ajaze mbele yangu, kwa mkono wake. Bima ya muda: nikifa ndani ya miaka 10 watoto wanalipwa fedha zote za bima, nikiishi, hakuna. Ndiyo maana ada yake ilikuwa kama robo ya ile ya kwanza. Ya maisha yote hulipa siku yoyote nitakayokufa, ila ni ghali. Ya akiba hulipa nikifa, au muda ukiisha nikiwa hai.

Wakala mmoja wa hii ya akiba alijaza safu mbili mbio mbio. Kufika NIKIKWAMA akaweka kalamu mezani, akaanza kunisimulia bonasi. Nikaiokota, nikamrudishia mkononi, nikanyamaza. Akaandika, tena kwa herufi ndogo kama sisimizi: "hakuna kabla ya miaka 3." Nikapiga mstari chini yake. Siku ile nilirudi nyumbani nikiimba!

Na ile bima ya mkopo wanayotukata kwenye SACCOS isikudanganye: ukifa inamaliza deni, watoto hawaoni hata senti.

Nimekata ya muda. Akiba naweka kwingine. Wakala alininong'oneza nisiitaje presha yangu kwenye fomu, ada isipande. Nikaiandika wazi, maana ukificha ugonjwa kampuni inaweza kuwakatalia wanao. Ilipanda kidogo tu. Wanangu bado wadogo, hivyo dada yangu ndiye atakayewasimamia fedha. Nilimpelekea nakala, tukafunua ukurasa kwa ukurasa mpaka tukafika penye jina lake.