Watu sita, fleti moja: tulivyotafuta nyumba ya kupanga mjini

Fleti ya kwanza tuliyopanga kama familia ilitushinda kabla mwaka haujaisha. Ilikuwa na vyumba vitatu vikubwa na sebule iliyojaa mwanga, na tuliiona mara moja tu, Jumapili saa 4 asubuhi, dalali akiwa amesimama mlangoni na funguo mkononi. Saa hiyo barabara ilikuwa tupu na nusu ya majirani walikuwa bado wamelala. Siku za kazi mambo yalikuwa mengine kabisa. Kuanzia saa 12 asubuhi bomba la bafuni lilitoa maji membamba kama uzi, na safari ya shule tuliyoambiwa ni ya dakika 15 ikawa ya saa nzima. Mwanangu wa kati alikuwa akifika darasani amechoka kabla somo la kwanza halijaanza, na hilo ndilo lililoniuma kuliko fedha tuliyopoteza kwa kuvunja mkataba mapema.

Tulipoanza kutafuta tena tulikuwa watu sita: mimi, mke wangu, watoto watatu, na mama yangu ambaye magoti yake hayapandi tena ngazi. Tulikubaliana kwamba hatutatoa hata senti mpaka nyumba tumeiona usiku, na tumeiona asubuhi ya siku ya kazi.

Lakini kabla ya kwenda kuangalia nyumba yoyote, mke wangu alichukua daftari akaandika siku yetu ilivyo. Nani anaamka saa ngapi, nani anaoga kwanza, nani anasoma wapi jioni, mama analala saa ngapi. Ukurasa huo mmoja ulitubadilisha mawazo. Tulikuwa tukitafuta vyumba vinne, kumbe kilichokuwa kikituchelewesha kila siku ni foleni ya choo saa 12:30 asubuhi. Tukaacha vyumba vinne, tukaanza kuulizia vyumba vitatu na vyoo viwili. Nyumba za namna hiyo zilikuwa nyingi zaidi, na nafuu. Kisha tukajumlisha: kodi, ada ya huduma za jengo, maji, umeme, maegesho, na nauli za watu wanne wanaotoka kila siku kwa mwezi mzima. Fleti iliyokuwa mbali, ile tuliyoiona rahisi, ikawa ghali kuliko ya karibu.

Niliangalia nyumba 11. Mkobani nilikuwa na futi ya kupimia, ndoo ya lita 10, chaja ya simu na kalamu. Chaja ni ya kujaribia soketi moja baada ya nyingine. Ndoo ndiyo iliyonisaidia kuliko vyote. Unafungua bomba la bafuni, na la jikoni liwe wazi vilevile, halafu unahesabu muda. Ndoo ikijaa ndani ya dakika moja, watu sita wanaweza kuoga kwa zamu na kuwahi. Kuna fleti tuliyoipenda sana iliyojaza ndoo kwa sekunde 50 jioni. Kesho yake saa 1 asubuhi ilichukua dakika nne. Tungeiona jioni tu, tungelipa.

Kuna majaribio mawili ya mita ambayo nilifundishwa na fundi umeme, na sijui kwa nini hayafahamiki zaidi. La kwanza: zima swichi kubwa ya fleti, kisha nenda ukaangalie mita ya umeme. Ikiwa bado inahesabu, kuna kitu kingine kisicho chako kimeunganishwa kwenye mita hiyo. Katika nyumba moja taa za korido na pampu ya maji ya jengo zilikuwa zikilipiwa na mpangaji wa fleti hiyo, naye alikuwa amehama bila kujua. La pili: funga mabomba yote, andika namba ya mita ya maji, subiri dakika 20, soma tena. Namba ikisogea, maji yanavuja mahali, na mara nyingi ni kwenye tangi la choo.

Kitinda mimba wetu ana pumu, kwa hiyo unyevu niliufuatilia kwa makini. Kuvu huchochea pumu, na rangi mpya huificha kwa wiki chache tu. Nilikuwa nikimwomba dalali asifungue madirisha kabla hatujafika, ili nisikie harufu ya nyumba ilivyo. Nilifungua makabati, nikapapasa kuta za nje kwenye pembe, nikaangalia chini ya sinki. Ukuta mmoja uliopakwa rangi mpya katikati ya kuta za zamani ulinifanya niulize maswali zaidi.

Kuhusu lifti, kuuliza kama ipo hakutoshi. Nilimwuliza mlinzi, na mama mmoja aliyekuwa anashuka na mtoto: mara ya mwisho iliharibika lini, na ilikaa siku ngapi? Majibu yao hayakufanana na ya dalali. Tuliamua ghorofa ya pili ndiyo mwisho wetu, ili hata siku lifti ikigoma, mama aweze kushuka polepole akishikwa mkono.

Roshani niliipima kwa futi. Baadhi ya nchi zinataka nafasi kati ya nondo za kinga isizidi takriban sentimita 10, ili mwili wa mtoto mdogo usipite. Nilikataa kinga zenye nondo za kulala pia, kwa sababu mtoto huzigeuza ngazi. Na madirisha yenye nondo zisizofunguka kabisa niliyaogopa: yanazuia mtoto asianguke, lakini moto ukizuka upande wa mlango hakuna pa kutokea.

Nyumba ya tisa nusura ituingize hasarani. Mwanamume aliyejitambulisha kama mwenye nyumba alitaka amana siku hiyohiyo, akisema kuna familia nyingine njiani. Niliomba kuona hati ya umiliki na kitambulisho chenye jina hilohilo, na akaunti ya benki yenye jina hilo. Akakasirika, akasema simheshimu. Tukaondoka. Mlinzi wa zamu ya usiku ndiye aliyetuambia kwamba yule ni mpangaji, na mkataba wake ulikuwa unaisha mwezi unaofuata. Mwenye nyumba tuliyemkubali baadaye aliulizwa maswali yaleyale, alifungua mkoba, akaweka karatasi mezani, akasema, "Soma taratibu, kaka, usiwe na haraka."

Kodi hakutupunguzia. Badala yake tulimpa mkataba wa miaka 2, naye akakubali kutengeneza choo cha pili na kubadilisha mpira wa dirisha la chumba cha watoto kabla ya kutukabidhi funguo. Tulidai yaandikwe pamoja na tarehe. Tuliandika pia majina ya watu wote sita, mama akiwemo, maana nimeona familia ikisumbuliwa kwa sababu ya mzazi aliyehamia bila kutajwa. Mengine tuliyoyasimamia ni kiasi cha juu ambacho kodi inaweza kupanda wakati wa kuongeza mkataba, notisi iwe ya muda sawa kwa pande zote mbili, na amana irudi ndani ya siku ngapi baada ya kuhama. Sentensi ya mwisho ilituchukua nusu saa ya mazungumzo. Sijuti.

Siku ya funguo tulifika kabla ya mizigo. Nilipiga picha 84: kila ukuta, kila kigae, kila bomba, namba za mita zote mbili. Jioni hiyo nikazituma kwa mwenye nyumba kwa barua pepe, nikamwomba ajibu tu kwamba amezipata. Mwezi wa tatu msimamizi wa jengo alitaka tulipie kigae kilichopasuka jikoni. Nilimtumia picha namba 31, yenye ufa uleule na tarehe ya siku tuliyoingia, na suala likaisha hapo.

Kuhama kwenyewe kulichukua siku moja na sina mengi ya kusema. Mama alichagua chumba kilicho karibu na choo. Watoto wakagawana kingine kwa kamba sakafuni.

Mwezi uliopita tumeongeza mkataba kwa miaka 2 mingine. Kodi imepanda, ila haikuvuka kile kiwango tulichoandika. Mama aliomba jambo moja, mshikio wa chuma ukutani kando ya choo chake, na mwenye nyumba ameuandika kwa mkono kwenye ukurasa wa mwisho na kutia sahihi. Fundi anakuja Alhamisi.