Kabla ya kununua rangi: sanaa kwa vijana wanaolala nje

Mtu akitaka kuanzisha darasa la sanaa kwa vijana wanaolala nje Dar es Salaam, wazo la kwanza huwa uchoraji wa Tingatinga. Inaeleweka. Ni sanaa ya hapa hapa, Edward Saidi Tingatinga aliianza mwaka 1968 kwa rangi za baiskeli na vipande vya hadibodi, na hadi leo wageni wanaifuata Morogoro Stores, Oysterbay. Shida ni kwamba rangi ile ni ya mafuta. Inazimuliwa na kuoshwa kwa thina, na thina ni ndugu wa gundi ya viatu ambayo baadhi ya vijana hawa huivuta kwenye chupa za plastiki. Kopo la thina mbele ya vijana kumi na tano ni kilevi kilicholetwa darasani bure, tena kwa risiti ya mfadhili.

Kwa hiyo kanuni ya kwanza: kila kinachoingia chumbani kiwe cha maji. Rangi ya maji nyeupe ya ukutani, ukaitia rangi za unga au za chupa, inatosha kabisa kwa mbao, karatasi na kuta. Gundi iwe ya unga wa ngano. Wino wa fulana uwe wa maji. Hata maka peni soma maandishi yake. Zile zenye harufu kali ziache dukani.

Kijana atakayefika akiwa tayari amevuta usimfukuze, wala usimpe wembe. Chupa inabaki mlangoni kwa mlinzi mwenye daftari, anarudishiwa akiondoka. Najua kipengele hiki huwakera wengi kwenye vikao, lakini ukiitupa leo kesho haji, na chupa nyingine ataipata kabla jua halijazama. Jambo la hatari ambalo wakufunzi wengi hawalijui ni hili: kemikali zilizomo kwenye gundi na thina zinaweza kuvuruga mapigo ya moyo, na mtu aliyetoka kuvuta akishtuliwa au akikimbizwa anaweza kuanguka na kufa hapo hapo. Usimkimbize, usimpigie kelele, usimweke kwenye sarakasi wala ngoma ya kurukaruka siku hiyo. Mpe mkeka, maji na hewa, na mtu wa kukaa naye.

Ratiba nayo ipangwe kwa kufuata siku yao. Wanaopakua mizigo Kariakoo na wanaobeba ndoo za samaki Feri huanza kazi kabla ya alfajiri. Saa mbili asubuhi bado wanatafuta hela, jioni wanatafuta pa kulala. Nafasi iliyo wazi ni kati ya saa nne na saa saba mchana. Mwenye umri mkubwa anayetumia methadoni, dawa ya kutibu uraibu wa heroini, kwa kawaida hunywa dozi yake kila siku kliniki, Muhimbili, Mwananyamala au Temeke, kwa hiyo usimhesabu kama mchelewaji. Kipindi kisizidi dakika 90. Wengi wamelala saa tatu au nne kwa kushtukashtuka, na ukizidisha hapo utaona vichwa vinaangukia meza. Weka mikeka miwili pembeni kwa anayetaka kulala. Siku za mwanzo wengine watakuja kulala tu, na hilo nalo ni hudhurio.

Chakula kimeua madarasa mengi kuliko ukosefu wa fedha. Ukikitoa mwisho, watu wanafika mwisho. Ukikitoa mwanzo, wanakula na kuondoka. Kinachofanya kazi ni kukigawa: uji mlangoni, halafu wali na maharage baada ya kazi kwa walioshiriki na waliolala pia, bila kubagua. Kwa watu 20 uji unahitaji kilo 1 ya unga na lita 8 hivi za maji; wali kilo 3 za mchele, maharage kilo moja na nusu, loweka usiku kucha kuokoa mkaa. Maji ya kunawa na sabuni viwe kabla ya uji. Na pawe na sanduku la kufunga kwa kufuli ambamo kila mmoja anaweza kuacha mfuko wake. Anayelala nje hutembea na mali zake zote, na mikono yake haiko huru kushika brashi mpaka mfuko uwe salama.

Sasa kazi zenyewe. Ya kuanzia nayo ni vinyago na vikaragosi vya karatasi, kwa sababu malighafi ni magazeti ya jana. Chukua kikombe 1 cha unga wa ngano, koroga na kikombe 1 cha maji baridi mpaka mabonge yaishe. Chemsha vikombe 4 vya maji, mimina mchanganyiko polepole huku unakoroga, acha uchemke dakika tatu hadi tano mpaka ung'ae na uwe mzito kama uji wa mgonjwa. Tia kijiko cha chumvi kupunguza ukungu. Kwa joto la Dar gundi hii haivuki siku ya pili, kwa hiyo pika ya siku hiyo tu.

Chana magazeti, usikate. Kingo zilizochanika hulala vizuri na hazionyeshi mistari. Umbo la ndani linaweza kuwa puto, bakuli lililopakwa mafuta ya mgando, au udongo wa mfinyanzi uliofunikwa kwa nailoni. Tabaka la kwanza liwe la gazeti, la pili la karatasi ya kaki, la tatu gazeti tena. Ukibadilisha rangi ya karatasi kijana anaona mwenyewe pale alipoacha pengo, huhitaji kumsimamia. Matabaka matano yanatosha kwa kinyago cha kuvaliwa, lakini usiweke zaidi ya mawili au matatu kwa mkupuo. Makosa yanayorudiwa kila mahali ni kubandika yote siku moja wakati wa masika: nje panakauka, ndani panabaki mbichi, na baada ya wiki kinyago kinanuka na kuota ukungu. Kausha kwenye upepo, geuza mara kwa mara, kisha paka rangi nyeupe ya ukutani kabla ya mapambo. Halafu kitundike. Panya wa Kariakoo hawajui sanaa ila unga wanaujua.

Ila vinyago vina tatizo la muda. Kijana ambaye hana hakika kesho atakuwa wapi hafungwi na kazi ya siku nne. Kwa hiyo katika kila kipindi pawe na kitu kinachoisha leo leo. Hapo ndipo uchapaji wa fulana unapowashinda wote. Mtu anaingia saa nne, saa tano na nusu anatoka na kitu kilichokamilika.

Usianze na skrini, yaani fremu yenye neti ya kupitishia wino. Omba hospitali au kliniki filamu za zamani za eksirei. Zilowekwe kwenye maji yenye jiki, na mkufunzi aliyevaa glavu azisugue kwa sponji. Picha inatoka, na muhimu zaidi jina la mgonjwa linatoka. Unabaki na plastiki safi, angavu na imara ya kukatia stensili, yaani umbo lenye matundu ya kupitishia wino. Chora juu yake, kata kwa wembe ulioshikiliwa na mpini, uweke juu ya fulana na ugonge wino kwa kipande cha sponji ya godoro. Wino uwe kidogo: chovya, gonga pembeni mara mbili tatu, ndipo uguse kitambaa. Sponji iliyolowa hupenyeza wino chini ya stensili na maandishi yanavimba. Herufi zenye tundu ndani, kama A, O na B, ziachiwe madaraja, yaani vipande vyembamba vya kushikilia sehemu ya ndani, la sivyo tumbo la herufi linadondoka. Ndani ya fulana ingiza kipande cha boksi ili wino usihamie mgongoni.

Fulana za mtumba ni nafuu, lakini nyingi ni poliesta na wino wa maji haushiki sawasawa. Chomoa uzi, uchome. Pamba inaungua kama karatasi na kuacha majivu laini. Poliesta inayeyuka na kuacha kidonge kigumu. Kazi hiyo aifanye mkufunzi, si darasa zima na viberiti ishirini. Wino ukikauka, piga pasi kavu ya moto dakika tatu hadi tano, karatasi ikiwa juu yake, kwa kufuata maelezo ya kopo. Pasi ndiyo hatua inayorukwa umeme ukikatika, na fulana isiyopigwa pasi ikifuliwa mara mbili inabaki na kivuli. Mteja harudi.

Wale wanaokuja mfululizo ndio wapandishwe kwenye skrini: fremu ya mbao, neti ya uchapaji ya nyuzi 43 kwa sentimita kwa vitambaa, na skwiji, kifaa cha mpira cha kuvutia wino. Weka sarafu mbili tatu chini ya kila pembe ili neti isilalie fulana. Ikilala, inanasa na kupaka uchafu. Inamisha skwiji kidogo, uivute kwa mkupuo mmoja bila kukatisha njiani. Adui mkubwa ni wino kukaukia kwenye neti, na kwa joto letu dakika kumi za maongezi zinatosha kuiua skrini. Baada ya kila fulana sambaza wino juu ya neti bila kukandamiza ili ibaki mbichi, na usiache skrini bila kuosha hata kama chakula kimeiva. Dawa za kutengenezea picha kwa mwanga zinaweza kusubiri. Nyingine zina sumu na zinahitaji chumba cha giza, na stensili ya karatasi chini ya neti inakubeba fulana kama ishirini hivi.

Nyembe na mikasi viwe na ubao uliochorwa kivuli cha kila kifaa. Vinahesabiwa mbele ya wote mwanzo na mwisho, na mhesabuji awe kijana mmojawapo, kwa zamu.

Ngoma hazihitaji maelezo marefu: madumu ya lita 20 yaliyopinduliwa, manyanga ya makopo na kokoto, kayamba ukipata matete. Zinafaa sana dakika kumi za mwanzo, kabla watu hawajazoeana. Maigizo yanahitaji uangalifu zaidi. Sipendi kabisa mtindo wa kumwambia kijana aigize maisha yake mbele ya wageni walioshika kamera. Mhusika apewe jina jingine, mji mwingine, na mkasa wa kubuni. Ukweli utajipenyeza wenyewe, lakini mwigizaji atakuwa na pa kujificha. Mchezo ukiisha wapukute mikono, wanawe uso, kila mmoja ataje jina lake halisi. Kama mtoto amefichua ukatili wakati wa mazoezi, mkufunzi asihoji. Asikilize, asiahidi siri, amwite afisa ustawi wa jamii au apige 116, simu ya bure ya huduma kwa mtoto.

Wasichana usiwatafute kwenye makundi ya wavulana. Wengi hawalali barabarani wazi. Wako kwenye vyumba vya watu, majikoni, kwenye baa. Wape siku yao, mkufunzi mwanamke, na mtu wa kushika watoto wao.

Upigaji picha unavutia, na kuna mfano mzuri jirani: mradi wa Shootback uliozaliwa Mathare, Nairobi, mwaka 1997 ndani ya MYSA, shirika la michezo la vijana wa huko, ulianza na kamera za plastiki za bei ndogo. Leo ni simu. Lakini kijana wa mtaani akikutwa na simu nzuri usiku, ama ananyang'anywa na wakubwa ama anakamatwa kama mwizi. Simu zibaki kituoni, zitoke mchana kwa wawili wawili wenye vitambulisho vya darasa.

Mwisho ni pesa, ambako madarasa mengi huvunjika. Sheria ya Mtoto ya 2009 inaruhusu kazi nyepesi kuanzia miaka 14, kwa hiyo walio chini ya hapo wachape za kuvaa wenyewe, si za kuuza. Kwa wengine, toa kwanza gharama ya fulana na wino, kinachobaki kigawanywe kwa waliofanya kazi siku ile, na hesabu iandikwe ubaoni. Taslimu yote mkononi jioni ni kumtengenezea mtu mwizi wake. Kuiweka kwenye simu nako kugumu: kusajili laini kunataka namba ya NIDA, ya kitambulisho cha taifa, ambayo wengi hawana, hata cheti cha kuzaliwa hawana. Daftari la akiba kituoni, kijana anachukua chake siku yoyote ya kipindi bila kuulizwa cha nini, ndilo linaloaminika. Siku moja tu pesa isipokuwepo, basi, habari zitafika Ubungo kabla yako.

Na kwa kuwa ufadhili una tarehe ya kuisha, panga skrini zitakwenda wapi miezi miwili kabla. Mahali pazuri ni kwa fundi cherehani: ana meza, umeme, pasi, na wateja wa sare na jezi. Vijana wawili kwa kila fundi, na skrini moja, skwiji, stensili na wino wa kuanzia. Mwenye skrini ni nani, hiyo iandikwe na isainiwe mbele ya mjumbe kabla ya kukabidhi, kwa maana isipoandikwa, fundi ataiita yake kabla wino wa kwanza haujaisha.